Seva Iliyo Mezani Pako: Ifanane, na Ifungwe

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya watengenezaji programu wanaoanza. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliopo, na ninyi vijana mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, nawashukuru sana.

Naanza na swali. Umeandika ukurasa wa wavuti. Umeubofya mara mbili, umefunguka kwenye kivinjari, rangi zinaonekana, picha zinaonekana. Je, hapo umeshaiona programu yako jinsi watumiaji watakavyoiona? Wanaosema ndiyo wanyooshe mikono. Naona mikono mingi. Ahsanteni, ishusheni. Saa hii nzima nataka kuitumia kuwaonyesha kwamba jibu ni hapana, na kwamba dawa yake iko ndani ya mashine uliyoipakata sasa hivi.

Nimekuja na maneno mawili tu kuhusu seva ya ndani, ile unayoiwasha kwenye kompyuta yako kwa ajili ya kutengenezea programu. La kwanza: ifanane na seva ambayo watu wataitumia. La pili: ifungwe, asiingie mtu. Ifanane, na ifungwe. Mengine yote nitakayosema yanatoka humo.

Kwanza tuondoe woga. Vijana wengi wakisikia neno seva wanawaza jumba lenye mitambo, baridi kali na walinzi mlangoni. Turudi nyuma hadi mwisho wa mwaka 1990, kwenye maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Tim Berners-Lee alikuwa na kompyuta ya mezani aina ya NeXT. Kwenye kompyuta hiyo aliandika kivinjari cha kwanza cha wavuti. Kwenye kompyuta hiyo hiyo aliendesha seva ya kwanza ya wavuti. Akabandika kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa wino mwekundu, kikiwaambia wapita njia kwamba mashine hii ni seva, isizimwe. Karatasi ile ndiyo ilikuwa ulinzi wake wote! Vyaelea vimeundwa, na hiki kilichoenea dunia nzima kiliundwa juu ya meza.

Basi seva ni nini? Seva ni programu inayosikiliza. Inashika namba ya poti, yaani namba ya mlango wake kwenye kompyuta, inangoja ombi, ombi likifika inalijibu, inarudi kungoja. Inasikiliza, inajibu. Inasikiliza, inajibu. Kompyuta yako inaweza kazi hiyo leo, hata kama ni ya zamani, hata kama haina intaneti kabisa.

Kijana mmoja aliniletea ukurasa uliomsumbua. Alitaka usome orodha ya bidhaa kutoka kwenye faili la data la aina ya JSON lililokuwa kwenye folda ile ile, kisha uipange kwenye jedwali. Vichwa vya jedwali vilitokea, orodha haikutokea. Alikuwa ameandika upya kile kipande cha JavaScript tena na tena, akiamini kosa limo humo. Nikamwomba anisomee mstari wa anwani juu ya kivinjari. Ulianza na file, koloni, mikwaju mitatu. Nikamwambia, acha msimbo wako, hauna kosa.

Kwa nini? Kwa sababu ukurasa uliofunguliwa kama faili hauna asili inayotambulika na kivinjari. Hauna jina la seva, hauna poti. Kivinjari kinaukatalia kuchota mafaili ya jirani, na kina haki, maana vinginevyo ukurasa wowote uliopakuliwa kutoka popote ungeweza kusoma nyaraka zako na kuzipeleka unakokujua mwenyewe aliyeutuma. Moduli za JavaScript nazo zinagoma kwa sababu hiyo hiyo. Tukafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ndani ya folda yake, tukaandika amri moja:

python3 -m http.server 8000 --bind 127.0.0.1

Kwenye kivinjari tukaandika http://localhost:8000. Orodha ikaja yote. Hatukugusa hata herufi moja ya msimbo wake! Kilichokosekana kilikuwa seva.

Mtaniuliza, basi nitumie seva ipi? Hapa sitakawia. Kurasa tupu za HTML, CSS na JavaScript zinatosheka na hiyo amri ya Python. Ukiandika PHP, tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012 lugha yenyewe inakuja na seva ndogo ya ndani: andika php -S localhost:8000 na kazi imeanza. Node, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, nayo inajitengenezea seva kwa mistari michache. Ukihitaji seva ya Apache, PHP na hifadhidata ya MariaDB kwa mkupuo mmoja, kifurushi cha XAMPP kinakuletea vyote pamoja, na mafaili yako unayaweka kwenye folda ya htdocs. Jueni tu kwamba vyombo hivi vidogo vina mipaka yake. Ile seva ya PHP kwa kawaida hushughulikia ombi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukurasa wako ukiiita anwani nyingine ya seva ile ile, vyote viwili vinakaa vinangojana na skrini inaganda. Anayeanza aanze nazo bila haya. Ila asihamie humo.

Sasa anwani. Localhost ni jina, na nyuma yake ipo 127.0.0.1, au ::1 kwa IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani. Kila anwani inayoanza na 127 inarudi kwenye mashine ile ile iliyoiita, haitoki kwenda kwenye mtandao. Zimetengwa anwani zaidi ya milioni 16 kwa kazi hiyo moja. Kisha kuna poti, kuanzia 0 hadi 65535. HTTP, njia ya kawaida ya wavuti, ina 80; HTTPS, ile iliyosimbwa kwa usalama, ina 443; na kwenye Linux poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida zinataka mamlaka ya msimamizi wa mashine. Ndiyo maana mnaona watu wanatumia 3000, 8000, 8080. Ukiambiwa poti inatumika, usiondoe programu na kuisakinisha upya kama ninavyoona wengi wakifanya. Kuna programu nyingine imeishika, itafute. Kwenye Linux andika ss -ltnp, kwenye macOS lsof -i :8080, kwenye Windows netstat -ano. Waliokuwa wakitumia poti 5000 kwenye macOS walikutana na hili mwaka 2021, toleo la Monterey lilipoanza kuishika poti hiyo kwa ajili ya huduma ya AirPlay. Seva zao zilizowaka vizuri jana yake zikakataa kuwaka.

Na majina je? Mtu akiwa na miradi mitatu anachoka kukumbuka namba za poti, anataka kila mradi uwe na jina lake. Ni haki yake. Anafungua faili la hosts, ambalo kwenye Linux na macOS ni /etc/hosts, anaandika mstari unaolifunga jina kwenye 127.0.0.1, na jina linafanya kazi. Lakini jina gani? Kwa miaka mingi watengenezaji wengi walipenda kumalizia majina yao na .dev. Lilikuwa fupi, lilipendeza, na hakuna aliyeuliza ni la nani. Kumbe lina mwenyewe. Google ndiyo inayolimiliki, na Desemba 2017, Chrome toleo la 63 lilipotoka, kivinjari kikaanza kulazimisha kila anwani ya .dev ipite kwa HTTPS. Fikirini asubuhi ile! Mtu anafungua mradi wake wa ndani, ambao haukuwahi kuwa na cheti cha usalama, na kivinjari kinaukataa.

Waliosalimika ni kina nani? Ni waliosoma waraka wa kiufundi wa mwaka 1999 uitwao RFC 2606. Waraka huo ulitenga majina manne yasiuzwe kwa mtu yeyote: .test, .example, .invalid na .localhost. Kwa kazi yetu chukueni .test au .localhost. Chrome na Firefox za sasa zinaipeleka anwani kama mradi.localhost kwenye mashine yako bila hata kugusa faili la hosts.

Ndugu zangu, sasa naingia kwenye lile la kufunga, na hapa naomba masikio yote mawili.

Seva inapowaka inaambiwa isikilize kwenye anwani gani. Ukiiambia 127.0.0.1, inasikia maombi yanayotoka ndani ya mashine yako tu. Ukiiambia 0.0.0.0, inasikia kila upande: waya, WiFi, chochote kilichounganishwa. Ni kama kulala na mlango umekomewa au kulala na mlango wazi. Ukiwa chumbani, hali zote mbili zinaonekana sawa. Kivinjari chako kitafungua localhost vilevile, kurasa zitatokea vilevile. Tofauti anaiona aliye nje.

Je, mmegundua kwamba kwenye ile amri ya Python niliongeza --bind 127.0.0.1? Sikuongeza kwa mapambo. Ukiiandika amri ile bila maneno hayo, inasikiliza pande zote, na inamwonyesha yeyote kwenye WiFi hiyo orodha ya kila kilichomo kwenye folda uliyoiwashia. Wangapi kati yetu tumefundishwa amri hiyo nusu? Ukiwasha kwenye folda ya mradi, wataona mradi. Ukiwasha kwenye folda yako kuu, wataona nyaraka zako.

Nani atajisumbua na kompyuta yangu, mtasema. Sikilizeni kilichotokea Januari 2017. MongoDB ni hifadhidata nzuri, lakini baadhi ya vifurushi vyake vya zamani vilisikiliza pande zote na havikudai nenosiri mpaka mwenyewe aweke. Maelfu ya watu wakaisakinisha hivyo, programu zao zikafanya kazi, wakaendelea na maisha. Wavamizi hawakuvunja kitu. Walipekua intaneti kwa programu za kujiendesha zinazogonga poti 27017, wakakuta pako wazi, wakafuta data na kuacha ujumbe wa kudai fidia kwa Bitcoin. Makumi ya maelfu ya hifadhidata zilifutwa, na wengi waliolipa hawakurudishiwa kitu, kwa sababu data haikuwahi kunakiliwa kabla ya kufutwa. Baadaye mwaka huo huo, toleo la 3.6 lilipotoka, likawekwa lisikilize 127.0.0.1 tu mpaka mwenyewe aamue vinginevyo.

Nani alikuwa na haja na watu wale? Hakuna aliyekuwa akiwatafuta kwa majina. Programu ile haijui wewe ni nani. Inagonga, ikifunguliwa inaingia.

Kwa hiyo ukisakinisha XAMPP, kumbuka kwamba root, mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye hifadhidata yake, anakuja bila nenosiri. Waliotengeneza wanasema wenyewe kwamba ni chombo cha kutengenezea programu, si cha kuhudumia umma. Mpe nenosiri siku ile ile. Kwenye faili la usanidi la Apache, palipoandikwa Listen 80, andika Listen 127.0.0.1:8080. Windows ikikuuliza kama seva yako iruhusiwe kwenye mitandao ya umma, usibofye ndiyo ili dirisha liondoke tu. Soma, kisha kataa.

Mwingine ataniuliza, na nikitaka kuijaribu programu kwenye simu yangu? Ni swali la maana. Fungua kwa muda kwenye mtandao unaouamini, fungua poti hiyo moja, ukimaliza funga. Na utakutana na jambo ambalo linawachanganya wengi: ukurasa uliokuwa unasoma mahali ulipo kwenye kompyuta utakataa kusoma kwenye simu. Vivinjari vinaiamini localhost kana kwamba ina HTTPS, lakini anwani ya WiFi ambayo simu inaitumia kukufikia, ile inayoanza na 192.168, haviiamini. Kwa kazi hiyo utahitaji cheti cha ndani, na programu iitwayo mkcert inakutengenezea, ilimradi na simu nayo ifundishwe kukiamini.

Kuna kufunga kwa aina nyingine ambako hakuna anayekuzungumzia, nami naumia nikiona kunavyopuuzwa. Mtu anahitaji data ya kujaribia, anachukua nakala ya hifadhidata ya wateja halisi, majina yao, simu zao, na pengine historia zao za matibabu, anaiweka kwenye kompyuta anayobeba begani. Kompyuta ikiibwa? Watu hao walikupa ruhusa gani? Tengeneza data ya kubuni. Kuna maktaba za programu zinazokuzalishia majina na anwani za uongo upendavyo. Na manenosiri yakae kwenye faili la siri la .env, na faili hilo litajwe kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, haitayachukua, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa msimbo, si baada ya kulisukuma kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi kwa umma. Likishasukumwa, kulifuta hakutoshi, maana historia ya Git imeshalihifadhi. Badilisha manenosiri yote.

Sasa lile la kufanana. Kuna sentensi moja ambayo kila aliyefanya kazi hii ameisikia: "Kwangu inafanya kazi." Mteja analalamika, msimamizi analalamika, na mtengenezaji anajibu kwa moyo mweupe kabisa, kwangu inafanya kazi. Hadanganyi! Kwake inafanya kazi kweli. Tatizo ni kwamba kwake na kwao ni dunia mbili.

Chukueni herufi. Windows na macOS, kwa mpangilio wa kawaida, hazitofautishi faili la Picha.jpg na picha.jpg. Linux inatofautisha, na seva nyingi za mtandaoni ni Linux. Tovuti yako nyumbani ina picha zote, ikipanda mtandaoni nusu zimepotea. Hata majina ya majedwali ya hifadhidata ya MySQL yanafuata mkondo huo huo.

Chukueni matoleo. Katika PHP 7, ukilinganisha sifuri na neno lenye herufi pekee, lisilo na tarakimu, kwa alama mbili za usawa, jibu lilikuwa kweli. PHP 8 ya mwaka 2020 inasema si kweli. Msimbo ni ule ule, herufi kwa herufi, majibu ni kinyume. Kama ukaguzi wako wa ruhusa umesimama juu ya mlinganisho huo, unampitisha mtu nyumbani na kumzuia mtandaoni, au kinyume chake, ambako ndiko kubaya zaidi.

Chukueni maandishi. MySQL ilikuwa na mpangilio ulioitwa utf8 ambao haubebi herufi zenye baiti nne, kwa hiyo emoji ikiingia ujumbe unakatwa au unakataliwa. Mpangilio kamili ni utf8mb4, na toleo la 8.0 ndilo lililoufanya wa kawaida. Wewe una 8.0 mezani, seva ina 5.7. Utajuaje, kama hukuuliza?

Uliza, basi. Kabla ya kusakinisha chochote, andika pembeni: mfumo gani uko kule, toleo gani la lugha, toleo gani la hifadhidata, saa za eneo gani. Kisha jenga hivyo hivyo hapa. Docker, programu ya kuendeshea kontena, yaani visanduku vyenye programu na mahitaji yake yote, iliyoonyeshwa hadharani mara ya kwanza mwaka 2013, imeirahisisha kazi hii. Unayaandika matoleo kwenye faili, faili linakaa ndani ya mradi, na mwenzako akilichukua anapata kontena zenye matoleo yale yale uliyo nayo. Nasisitiza tu, ziandikeni namba za matoleo. Ukiandika latest, leo utapewa hili, mwezi ujao utapewa lile, na mtarudi kule kule kwa "kwangu inafanya kazi". Na kwenye Docker msisahau kufunga: ukiandika 8080:80, yaani poti 8080 ya mashine yako iende kwenye 80 ya kontena, poti inafunguka pande zote. Andika 127.0.0.1:8080:80.

Nina kisa kimoja kinachobeba yote niliyosema, na wenyewe walikiandika hadharani ili tujifunze. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunzia watu msimbo mtandaoni, alikuwa akihangaika usiku na seva mbili za hifadhidata, kuu na ya akiba. Alikusudia kufuta folda kwenye ile ya akiba. Terminali aliyoiandikia ilikuwa ya ile kuu. Alipogundua na kusimamisha, takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimekwenda. Wakakimbilia nakala za akiba. Hazikuwepo! Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL, aina ya hifadhidata waliyoitumia, na hifadhidata yenyewe ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila siku ilikuwa inashindwa, na barua pepe za kutoa taarifa hazikuwa zikiwafikia. Tofauti ya matoleo, ndugu zangu, ile ile tuliyokuwa tukiizungumzia.

Kilichowaokoa ni nini? Mhandisi yule yule, muda wa saa 6 hivi kabla, alikuwa amechukua nakala ya hifadhidata kwa mkono ili aijaze seva yao ya majaribio. Nakala hiyo ndiyo waliyoirudisha. Walipoteza data ya muda wa saa 6 badala ya kupoteza zaidi ya hapo.

Kwa hiyo pakeni rangi terminali zenu. Ya ndani iwe ya kijani, ya mtandaoni iwe nyekundu. Manenosiri yasifanane hata kidogo, ili amri ya kufuta uliyoikusudia kwa ya ndani ikataliwe ukiipeleka kwingine.

Sasa tunaanza kazi ya mikono. Kila mmoja afungue folda mpya, aweke faili moja la index.html, awashe seva kwenye 127.0.0.1 poti 8000. Ikishawaka, mtajie mwenzako anwani yako ya WiFi naye ajaribu kuingia kupitia poti hiyo. Akikataliwa, endelea. Akiingia, zima, soma ulichokiandika, washa tena. Na mtakapopata kosa, kabla ya kuniita mezani kwenu, someni mistari ya mwisho ya logi, yaani taarifa ambazo seva inaziandika, kwenye terminali. Nikifika nitauliza kwanza hiyo imesema nini.